SOKO LA ADA: MZAZI MGENI VIHINGO ANUNUE NINI, ALIPE VIPI

Katika ukanda wa Kibaha na Kisarawe kila bidhaa ina msimu wake. Korosho zina wakati wake, mihogo ina wakati wake, na nafasi za shule nazo zina wakati wake. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Januari shule binafsi huuza nafasi za mwaka unaofuata. Mabango ya "Nafasi za Kujiunga" huongezeka kando ya Barabara ya Morogoro, fomu huuzwa, na familia nyingi hutoa fedha kwa mkupuo mkubwa.

Katika soko hilo yumo mnunuzi anayezungumzwa sana lakini asiyeeleweka vizuri, naye ni mtaalamu wa kigeni aliyekuja na familia yake. Yeye hajui bei za hapa, hajui mitihani ya hapa, na mara nyingi hajui atakaa miaka mingapi. Akikosea hupoteza vitu viwili, fedha na mwaka wa mtoto. Fedha hutafutwa tena, lakini mwaka wa mtoto haurudishwi kwa stakabadhi.

Muuzaji naye ana lake la kupoteza. Mwekezaji mdogo aliyekopa kujenga madarasa kwa kuwategemea wageni anaweza kubaki na madawati matupu na riba ya benki. Kwa sababu hiyo soko hili linafaa kuchambuliwa kama soko lingine lolote: nani ananunua, ananunua nini, kwa bei gani, na analipaje.

WATEJA WANATOKA WAPI

Vihingo ni kata ya wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Kwa miaka mingi sehemu hizi zilijulikana zaidi kwa mashamba na mkaa uliopelekwa Dar es Salaam. Siku hizi miradi mikubwa imezizunguka.

Reli ya kisasa ya SGR, ambayo kipande chake cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilianza kujengwa mwaka 2017 na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, ina stesheni za Soga na Ruvu. Treni za abiria zilianza kwenda Morogoro Juni 2024. Bandari kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, ilizinduliwa Julai 2025, na karibu yake kuna eneo la viwanda. Mjini Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba. Upande wa Kisarawe reli ya TAZARA hupita Mzenga, na mwaka 2025 kampuni ya CCECC ya China ilitia saini mkataba wa kuifufua reli hiyo kwa thamani ya dola bilioni 1.4.

Miradi hiyo huleta wataalamu wa kigeni. Hata hivyo, si kila mtaalamu wa kigeni ni mteja wa shule, na hapa ndipo hesabu za wawekezaji wengi zinapokwenda kombo.

Wageni hawa ni wa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mafundi na wahandisi wa mikataba ya ujenzi. Wengi wao huja peke yao, hulala kambini, hula kambini na hutuma fedha nyumbani. Hawa hununua mboga na mayai, lakini hawalipi ada.

Fungu la pili ni mameneja na washauri wenye mikataba ya miaka miwili au mitatu, ambao huja na familia. Mara nyingi mwajiri huwalipia ada, na watoto wao hupelekwa shule za kimataifa za Dar es Salaam ili wasitoke katika mfumo wa kwao.

Fungu la tatu ndilo linalohusu shule za hapa. Humo wamo walimu, madaktari, watumishi wa mashirika ya dini, wafanyabiashara kutoka Kenya, Uganda na India, wageni waliooa au kuolewa na Watanzania, na Watanzania waliorudi baada ya kuishi nje kwa muda mrefu. Hawa hulipa kutoka mfukoni mwao, hukaa muda mrefu, na huuliza bei kabla ya kuuliza rangi ya sare.

SOMO LA KIBAHA

Kuwategemea wageni si jambo jipya Kibaha. Mwaka 1963 ulianzishwa mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, zikiwemo Denmark, Finland, Norway na Sweden, kwa lengo la kupambana na maadui watatu waliotajwa sana wakati ule: ujinga, maradhi na umaskini. Walikuja walimu, madaktari na mabwana shamba. Ikajengwa shule ya sekondari, kikajengwa kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima.

Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Hatimaye wataalamu waliondoka lakini shule ilibaki, kwa sababu tangu siku ya kwanza ilikusudiwa kwa wanafunzi wa nchi hii. Mmoja wa waliosoma hapo miaka ya 1960 ni Jakaya Kikwete, aliyekuja kuwa Rais wa Awamu ya Nne.

Mwekezaji anaweza kuchukua funzo lililo wazi hapo. Familia za mradi zina tarehe ya kuondoka, na shule iliyojengwa kwa ajili yao peke yao ina tarehe hiyo hiyo. Shule iliyojengwa kwa ajili ya wenyeji, ikawa nzuri kiasi cha kumvuta mgeni, haifungwi mgeni anapoondoka.

BIDHAA ZILIZOPO SOKONI

Mzazi mgeni anayeishi Vihingo au jirani yake ana bidhaa nne za kuchagua.

Ya kwanza ni shule ya msingi ya serikali iliyo karibu. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Tangu Januari 2016 serikali imeondoa ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondoa pia ada ya kidato cha tano na cha sita. Lakini bila ada si bila gharama. Sare, daftari, na chakula cha mchana ambacho wazazi hukubaliana kuchangia, vyote huhitaji fedha. Mzazi mgeni anayefikiria njia hii anashauriwa kuanza ofisi ya elimu ya halmashauri, wala asisubiri siku ya kufungua shule kumwuliza mwalimu mkuu mlangoni.

Ya pili ni shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, ile inayoitwa mitaani "inglishi midiamu". Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliwafungulia mlango watu binafsi, na tangu hapo shule za namna hii zimeenea hadi nje ya jiji. Wamo wamiliki wa mashirika ya dini, wamo wafanyabiashara, na wamo hata wanamichezo: Filbert Bayi, mkimbiaji aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, ni miongoni mwa waliowekeza katika shule Kibaha. Shule hizi hufuata mtaala wa Tanzania na mitihani ya Baraza la Mitihani, NECTA.

Ya tatu ni shule za serikali zenye majina. Kibaha Sekondari ni ya wavulana wenye vipaji maalumu. Minaki, wilayani Kisarawe, ilianzishwa na misheni ya Waanglikana ya UMCA. Mzazi aelewe kwamba nafasi za shule hizi hugawiwa kwa uchaguzi wa serikali kufuatana na matokeo ya mitihani. Haziuzwi. Mtu anayedai kwamba anaweza "kutafuta nafasi" kwa malipo anauza mbuzi kwenye gunia.

Ya nne ni shule ya kimataifa jijini. Kongwe kati ya hizo ni Shule ya Kimataifa ya Tanganyika, IST, iliyoanzishwa mwaka 1963. Hizi hufuata mitaala ya nje, na mwaka wao huanza Agosti. Bei yake haifanani hata kidogo na ya shule za hapa.

MASAKI MBILI

Kisarawe ina kata inayoitwa Masaki. Dar es Salaam nayo ina Masaki, kwenye rasi, yenye balozi na shule za kimataifa. Jina ni moja, lakini mtoto anayekaa upande wa Kisarawe na kusoma Masaki ya jijini huvuka jiji zima mara mbili kwa siku.

Gharama ya njia hiyo haionekani kwenye karatasi ya ada. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kati ya Kimara na Kibaha, na daraja la juu la Ubungo lilifunguliwa mwaka 2021, lakini mtoto bado huamshwa alfajiri na kurudi jioni. Kwa anayekaa ndani zaidi, kwenye barabara za vumbi za Kisarawe, masika huongeza saa nyingine. Familia nyingi za fungu la pili hukata shauri kwa kupanga nyumba jijini: mama na watoto hukaa huko, baba hubaki eneo la kazi na kuwafuata mwisho wa wiki. Hapo ada inakuwa imeongezewa pango la nyumba ya pili.

Bweni huonekana kama jibu rahisi. Lakini Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka unaozuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa mtoto mdogo, basi, shule ya hapa ni ile anayoweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

VIPIMO VYA KUCHAGUA

Kipimo cha kwanza ni lugha. Mtoto wa miaka mitano au sita akiingizwa shule ya Kiswahili hushika lugha uwanjani kabla ya darasani. Mtoto wa miaka kumi na moja ana kazi kubwa zaidi, kwa sababu mtihani wa darasa la saba uko karibu. Hata shule ya mchepuo wa Kiingereza haimwepushi, kwani Kiswahili ni somo la lazima na lina karatasi yake ya mtihani. Mzazi aulize kama shule ina mwalimu wa kumsaidia mtoto asiyejua Kiswahili, na kama msaada huo unalipiwa pembeni.

Kipimo cha pili ni kalenda. Shule za hapa huanza Januari na kumaliza mapema Desemba, zikiwa na mihula miwili. Mtoto aliyemaliza mwaka wake Ulaya mwezi Juni atakuta wenzake wako katikati ya mwaka. Ama ataingia katikati na kukimbizana nao, ama atasubiri hadi Januari. Akiondoka tena baada ya miaka miwili, pengo hilo hujirudia upande wa pili.

Kipimo cha tatu ni karatasi atakayotoka nayo. Mtaala wa Tanzania una upimaji wa darasa la nne, mtihani wa mwisho wa msingi, upimaji wa kidato cha pili, mtihani wa kidato cha nne na wa kidato cha sita. Anayekuja na vyeti vya nje hupeleka vyeti hivyo NECTA kwa ajili ya ulinganifu. Mzazi ambaye mkataba wake utakwisha mtoto akiwa kidato cha tatu ajiulize mapema kama shule ya nchi wanayokwenda itampokea bila cheti. Kuhama baada ya mtihani wa taifa ni nafuu kuliko kuhama mwaka mmoja kabla yake.

Kipimo cha nne ni usajili. Shule halali ina cheti cha usajili cha Wizara ya Elimu, na shule yenye watahiniwa ina namba ya kituo cha mtihani. Mzazi ana haki ya kuonyeshwa vyote viwili kabla ya kutoa hata shilingi. Anaweza pia kuulizia shule hiyo kwa Wathibiti Ubora wa Shule, ambao zamani waliitwa wakaguzi.

Kipimo cha tano ni matokeo, nacho kinahitaji tahadhari. Tangu mwaka 2023 NECTA imeacha kutangaza orodha ya shule kumi bora. Matokeo ya kila shule bado yanapatikana, na mzazi anaweza kuyasoma mwenyewe. Asome ya miaka mitatu mfululizo, ahesabu watahiniwa waliofanya mtihani, kisha alinganishe na idadi ya waliokuwa darasa hilo mwaka mmoja kabla. Shule inayofaulisha wote 20 baada ya kuwaondoa 15 walioonekana dhaifu imeuza takwimu. Haijauza elimu.

Mwendo wa shule nao hubadilika. Wilayani Kisarawe kampeni ya "Tokomeza Ziro", iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 2010, ililenga kufuta daraja la sifuri katika sekondari za wilaya. Kampeni hiyo ilionyesha kwamba hata matokeo ya shule za serikali hayachukuliwi tena na jamii kama jambo la kudra.

ADA SI BEI

Kosa linalorudiwa na wazazi wageni ni kulinganisha ada na ada. Ada ni sehemu tu ya bei. Tazama mfano ufuatao, ambao ni wa hesabu tu na si bei ya shule yoyote.

Shule ya kwanza inadai ada ya Sh. 2,400,000 kwa mwaka. Basi la shule ni Sh. 900,000, chakula Sh. 600,000, sare na vitabu Sh. 350,000, na michango ya mitihani, masomo ya ziada na mahafali Sh. 150,000. Jumla ni Sh. 4,400,000.

Shule ya pili inadai ada ya Sh. 3,600,000, lakini chakula, vitabu na mitihani vimo ndani. Iko karibu zaidi, hivyo basi ni Sh. 500,000. Sare ni Sh. 150,000. Jumla ni Sh. 4,250,000.

Aliyetazama ada peke yake aliona tofauti ya Sh. 1,200,000 na akakimbilia shule ya kwanza. Mwisho wa mwaka atakuwa amelipa Sh. 150,000 zaidi kuliko angelipa shule ya pili, na mtoto wake amesafiri mbali zaidi kila siku. Dawa ni kudai karatasi moja yenye kila kitu, yenye mhuri wa shule, kabla ya kulipia fomu. Shule inayokataa kuandika michango yake imekwisha kujibu swali.

Serikali nayo haitampangia mzazi bei. Wazo la ada elekezi kwa shule binafsi lilizungumzwa sana katikati ya miaka ya 2010, kisha likawekwa kando mwaka 2016. Bei hupangwa na mwenye shule, na mnunuzi hujilinda kwa kuuliza.

DOLA AU SHILINGI

Kwa miaka mingi shule zinazolenga wageni zilizoea kutaja ada kwa dola. Machi 2025 zilitolewa Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni, zinazokataza kutaja bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma ndani ya nchi, isipokuwa kwa misamaha michache. Mzazi anayepewa ankara ya dola na shule ya hapa ana haki ya kudai ankara ya shilingi.

Hii haina maana kwamba hatari ya kubadilika kwa thamani ya fedha imekwisha. Imehama tu mkono. Mwishoni mwa Desemba 2024 dola ilikuwa karibu na Sh. 2,400, na miezi michache baadaye, mwaka 2025, ikakaribia Sh. 2,700. Chukua ada yenye thamani ya dola 4,000. Kwa kiwango cha kwanza ni Sh. 9,600,000, na kwa cha pili ni Sh. 10,800,000. Tofauti ni Sh. 1,200,000 kwa mtoto yule yule na dawati lile lile.

Mzazi anayepokea mshahara kwa shilingi hana la kuhofia ada ikiwa imeandikwa kwa shilingi kwa mwaka mzima. Mzazi anayepokea dola au euro hunufaika shilingi inaposhuka na huumia inapopanda. Huyo wa pili anashauriwa kubadili fedha za muhula mmoja kwa wakati mmoja, benki au duka la fedha lenye leseni, na kutunza hati ya kubadilishia. Wote wawili waulize swali moja: je, ada hii ni ya mwaka mzima, au shule inaweza kuibadili muhula wa pili?

MWAJIRI AKILIPA

Wapo wanaodhani kwamba ada inayolipwa na mwajiri ni ya bure. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, gharama binafsi ya mfanyakazi inayolipwa na mwajiri huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato ya ajira. Kwa aliye katika daraja la juu la asilimia 30, ada ya Sh. 10,000,000 huleta kodi ya Sh. 3,000,000 ikiwa kodi inakatwa kwenye mshahara wake.

Mwajiri akiahidi kubeba na kodi pia, hesabu hukua. Ili zibaki Sh. 10,000,000 baada ya kodi, inabidi itengwe karibu Sh. 14,290,000, ambazo karibu Sh. 4,290,000 kati yake ni kodi. Watoto wawili ni mara mbili. Ndiyo maana baadhi ya kampuni ndogo huona heri meneja wake akichagua shule nzuri ya Kibaha kuliko ya jijini, na ndiyo maana mzazi anatakiwa kusoma mkataba wa kazi na kuona nani anabeba kodi kabla hajachagua shule.

MKUPUO AU AWAMU

Shule nyingine hutoa punguzo kwa anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa mwenyeji hilo ni jambo jema. Kwa mgeni wa mkataba linahitaji kupigiwa hesabu.

Katika ule mfano wa Sh. 4,400,000, punguzo la asilimia 5 ni Sh. 220,000, hivyo mzazi hulipa Sh. 4,180,000. Lakini mkataba wa kazi ukikatishwa Juni na shule hairudishi fedha, atakuwa amelipa Sh. 4,180,000 kwa nusu mwaka ambayo ingemgharimu Sh. 2,200,000. Hasara ni Sh. 1,980,000. Kwa hesabu hiyo punguzo linamfaa tu yule ambaye uwezekano wake wa kuondoka katikati ya mwaka ni chini ya moja kwa kumi. Wahandisi wengi wa miradi hawawezi kusema hivyo kwa uhakika.

Kwa hiyo mambo manne yaandikwe kabla ya malipo: tarehe za awamu, adhabu ya kuchelewa, utaratibu wa kurudishiwa fedha mtoto akihama, na hatima ya amana kama ipo. Malipo yapitie akaunti ya benki yenye jina la shule au namba ya malipo ya simu iliyosajiliwa kwa jina hilo hilo. Fedha isitumwe kwenye simu ya mhasibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na stakabadhi ndiyo daftari la mzazi.

Hati za ukaazi nazo zisisahauliwe. Mwekezaji huwa na kibali cha daraja A, mwajiriwa daraja B, na wengineo, wakiwemo wanafunzi, daraja C. Mzazi aulize mapema Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, mjini Kibaha, mtoto wake anatakiwa kuwa na hati gani. Kibali kinachoisha katikati ya muhula ni gharama, na mara nyingi huja bila taarifa.

UPANDE WA MFANYABIASHARA

Shule ni mnunuzi mkubwa kijijini. Hununua unga, maharage, mchele, mayai, kuni, sabuni na daftari. Wazazi hununua viatu na sare. Soko hilo huchangamka Desemba hadi Januari, kisha tena mwanzoni mwa Julai.

Tatizo ni mkopo. Shule hupokea fedha kwa awamu, na hulipa wauzaji wake kwa awamu hizo hizo, au baada yake. Muuzaji wa maharage anayepeleka magunia Februari akitarajia kulipwa Machi anaweza kulipwa Julai. Kabla ya kukubali zabuni ya chakula, mfanyabiashara aombe kuona ratiba ya awamu za ada, apange malipo yake siku chache baada ya kila awamu, na asiweke zaidi ya theluthi moja ya mtaji wake kwenye shule moja.

Kwa anayetaka kujenga shule, kipimo ni hiki: apige hesabu ya mapato kwa watoto wa wenyeji peke yao. Mradi ukisimama bila mgeni hata mmoja, mgeni atakuwa faida juu ya faida. Mradi usiposimama bila wageni, mwekezaji ajue kwamba ameweka rehani yake mikononi mwa mtu mwenye tiketi ya kurudi kwao.

MTAZAMO WA MISIMU IJAYO

Jambo moja litalitikisa soko hili. Mtaala mpya, ulioanza Januari 2024, unafanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na Toleo la 2023 la Sera ya Elimu lililozinduliwa Februari 2025 linaweka elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani yatamaliza pamoja. Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja.

Nafasi za sekondari binafsi zitagombewa, na kinachogombewa hupanda bei. Mzazi mgeni ambaye mtoto wake yumo katika makundi hayo anashauriwa kutafuta nafasi mapema katika mwaka 2027, kuiandikisha kwa maandishi, na kuhakikisha kwamba bei aliyotajiwa ndiyo itakayolipwa. Wawekezaji nao waangalie mwaka unaofuata: wimbi la makundi mawili hupita mara moja tu. Anayejenga madarasa manane kwa ajili ya Januari 2028 ajiulize atawaweka akina nani humo Januari 2029.

Kwa kifupi, mzazi wa Vihingo anunue shule ambayo mtoto anaweza kuifikia, inayompa karatasi itakayotambuliwa aendako, kwa jumla ya gharama zilizoandikwa, kwa shilingi, na kwa awamu zinazolingana na mkataba wake wa kazi.